Wanaoshika Kamba

Kutoka Dareda, barabara ya Mbulu inaugeukia ukingo wa Bonde la Ufa na kuupanda kona baada ya kona. Mashamba ya Babati yanabaki chini, hewa inapoa, na ukifika Bashanet unakuta wazee wamejitanda mablanketi mabegani ingawa jua limekwisha kupanda. Hizi ndizo nyanda za juu za Mbulu, nchi ya Wairaqw, wakulima wanaofuga na wafugaji wanaolima. Kwao ng'ombe ni maziwa na samadi, ni nguvu ya kukokota plau, tena ni akiba ya ada ya shule. Nilipanda huko kutazama jinsi mifugo inavyotibiwa, na watu niliotaka kukaa nao ni wale wanaomzunguka daktari: anayefagia na kuchemsha vyombo, anayeandika daftari, anayemshika ng'ombe pembe, anayepakia deli la chanjo kwenye bodaboda na kuondoka nalo alfajiri.

Sababu yangu inatokana na ukubwa wa nchi yenyewe. Shahada ya udaktari wa mifugo inayotolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, huchukua miaka 5, na wanaoipata ni wachache mno kuenea kila tarafa. Daktari mmoja hawezi kuwa Dongobesh asubuhi, Yaeda Chini adhuhuri na Kainam jioni. Popote asipokuwapo, na hata pale alipo, kazi inasimama juu ya mikono ya watu ambao majina yao hayabandikwi mlangoni.

Mjini Mbulu nilipokelewa kwenye kliniki moja ya binafsi: vyumba vitatu vya matofali, bati juu, na uani kibanio cha magogo, ile njia nyembamba ambayo ng'ombe akishaingia hageuki. Wa kwanza kufika asubuhi alikuwa mhudumu, mama wa makamo ambaye wote pale, daktari akiwemo, humwita Mama. Kabla hajavua koti alifungua jokofu. Ndani kuna kipimajoto kilichofungwa kwa uzi kwenye rafu ya kati; alikisoma, akaandika nyuzi na saa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu, akafunga upesi. Jioni atarudia. Umeme ukikatika usiku, asubuhi karatasi ile ndiyo itakayoamua kama chanjo iliyomo itumike au itupwe.

Chanjo nyingi za mifugo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto huharibika bila kubadilika rangi wala harufu. Mchanjaji atachoma, mfugaji atalipa, na mnyama atabaki bila kinga huku kila mtu akiamini amekingwa; maradhi yakija, lawama itaangukia chanjo, na msimu unaofuata watu watakataa kuleta mifugo. Ile ya mdondo wa kuku inayotengenezwa Kibaha, inayoitwa I-2, ilipendwa vijijini kwa sababu inavumilia joto kuliko zile za zamani, na kuipa ni tone moja jichoni, kurudiwa kila baada ya miezi 3. Hata hiyo ina mwisho wa uvumilivu wake. Mama anajua chupa ipi ikae mbele na ipi nyuma, ipi inakaribia tarehe yake, na ipi ikishafunguliwa lazima imalizike siku ileile. Hakuna chuo alichosomea. Alifundishwa na daktari wa kwanza aliyeajiriwa pale, naye sasa anawafundisha wahitimu wanaokuja kufanya mazoezi.

Nilikaa naye karibu asubuhi nzima, maana kila alichokigusa kilikuwa na maelezo. Sindano: ikipita ng'ombe mmoja hadi mwingine bila kubadilishwa, inaweza kubeba ndigana baridi kutoka kwenye damu ya wa kwanza mpaka kwa wa mwisho mstarini. Sakafu: jana yake aliletwa mbuzi aliyetupa mimba, kwa hiyo chumba kilimwagiwa dawa na kuachwa hivyo usiku kucha, na leo hakuna mnyama mwenye mimba atakayeingizwa humo kabla hakijasuguliwa tena. Mikasi, koleo na sindano za kushonea zilikuwa zinachemka kwenye sufuria yake maalumu, juu ya jiko la gesi. Sindano zilizotumika huingia kwenye boksi gumu lenye tundu, wala hazigusani na takataka nyingine, kwa sababu watoto wa mtaani huchezea jalala. Niliwahi kusikia kazi hii ikiitwa usafi. Usafi ni sehemu yake ndogo. Huyu mama anazuia ugonjwa wa mnyama mmoja usiondoke na mnyama mwingine kwenda nyumbani.

Saa tatu watu walianza kufika. Dirishani alikaa binti mmoja mwenye daftari kubwa la mistari, naye ndiye aliyenifanya nione kliniki ile kwa jicho jipya. Alikuja mzee kutoka upande wa Tlawi, akiwa na fimbo na koti la mvua, ng'ombe wake akiwa amemwacha kwa jirani karibu na mji. Binti alisimama, akamwamkia, akamwuliza habari za nyumbani na za mashamba. Kisha wakaingia kwenye Kiiraqw. Mzee ambaye kwa Kiswahili alikuwa amejibu neno mojamoja alianza kueleza kwa mikono yote miwili. Baadaye binti alinisomea alichokiandika: mtamba, hajala tangu juzi, maziwa hayahusiki maana hajazaa, hajaogeshwa tangu mvua zianze, tezi chini ya sikio zimevimba, na ameshachomwa dawa mara mbili na kijana wa kijijini, chupa yenye kifuniko chekundu.

Jibu hilo la mwisho lilimgharimu muda kulipata. Wenye mifugo huona haya kusema wameshajaribu wenyewe, na daktari akiuliza kwa haraka, kwa Kiswahili cha ofisini, huambiwa hapana. Binti alilizungukia: aliuliza kwanza nani husaidia kijijini ng'ombe akiugua, akamsifu huyo msaidizi, ndipo akauliza alileta chupa gani. Dawa iliyokwisha kuchomwa hubadilisha kila kitu, kuanzia kipimo kitakachofuata mpaka siku ambazo maziwa au nyama hazifai kuliwa. Katika eneo hili Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wadatoga lugha ya Kiniloti, na kule bonde la Yaeda Wahadzabe wana lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Mtu wa mapokezi anayeweza kumsikiliza mzee katika lugha ambayo mzee huitumia kuongea na ng'ombe wake ni sehemu ya uchunguzi wa ugonjwa, na ningependa alipwe hivyo.

Ng'ombe aliletwa, akatiwa kibanioni. Hapo aliingia mshikaji, kijana mwenye gambuti na suruali iliyofungwa kamba, aliyemwendea mtamba kutoka ubavuni akimwonyesha mkono kabla ya kumgusa. Hakupiga wala kupaza sauti. Alimshika puani kwa vidole viwili, kichwa kikainuka, mkono wa pili ukatupa kamba kwenye pembe na kuifunga kwenye gogo kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Fundo hilo ni muhimu kuliko nguvu zake. Ng'ombe akianguka kibanioni na kamba ikakataa kufunguka, hunyongwa na uzito wake mwenyewe. Mkononi kijana yule ana kovu refu la pembe, kutoka miaka aliyokuwa bado anajifunza.

Kipimajoto kilisoma nyuzi 41. Ng'ombe mzima hukaa kati ya 38 na 39 na ushei. Tezi ya mbele ya bega ilikuwa imetuna kiasi cha kuonekana kwa mbali. Msaidizi wa maabara, kijana wa stashahada, alichoma sindano kwenye tezi, akatandaza majimaji kwenye kioo, akachukua tone la damu ukingoni mwa sikio, akapaka rangi ya Giemsa na kungoja. Daktari alipoinama kwenye hadubini hakukaa sana. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikio, ambao umewamaliza ndama wa Afrika Mashariki kwa vizazi na vizazi. Dawa yake, buparvakwoni, huchomwa kwa uzito: mililita 1 kwa kila kilo 20. Mizani ya ng'ombe hakuna, basi mshikaji akapitisha utepe nyuma ya miguu ya mbele, akazungusha kifua, akasoma, binti wa daftari akaandika, daktari akavuta dawa. Utepe ukisomwa vibaya, ng'ombe atapewa pungufu, atapata nafuu ya siku mbili, kisha atakufa, na mzee ameshauza gunia la mahindi kulipia chupa.

Hesabu ile ya watu wanne juu ya mtamba mmoja imenikaa. Mmoja alipata ukweli wa historia, mmoja alimtuliza mnyama na kupima uzito, mmoja aliandaa kioo, na mmoja, mwenye shahada, aliamua. Uamuzi wa daktari haukuwa na thamani kubwa kuliko utepe ule.

Sheria ya nchi inawatambua kwa sehemu. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, ambalo huwasajili madaktari na kuwaandikisha na kuwaorodhesha wataalamu wasaidizi, wale wa stashahada na wa cheti. Hao ndio hasa wananchi huwaita bwana mifugo. Husomea kwenye kampasi za Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA: Tengeru nje kidogo ya Arusha, Mpwapwa, Buhuri kule Tanga, Madaba, Morogoro na kwingineko. Chini ya ngazi hiyo ya mwisho sheria inanyamaza. Kijana wa kibanio hayumo. Mama wa jokofu hayumo. Na sisemi kila mshikaji apewe cheti na namba. Nasema kwamba mtu anayegusa damu, mate na kondo za mifugo kila siku anatakiwa awe na mkataba, mafunzo yenye mpango, na kinga ya mwili wake.

Wazee wa Mbulu wanakumbuka wakati ambapo huduma hii ilikuwa ya serikali tupu. Josho la kijiji lilikuwa na mtu wake aliyelipwa kuchanganya dawa na kuhesabu ng'ombe wanaotumbukia, na bwana mifugo alikuja na mshahara wa serikali mfukoni, hana haja ya kudai nauli. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalilegeza mkono huo. Watumishi walipunguzwa, dawa zikawa za kununuliwa, majosho mengi yakakauka, na tiba ikahamia kwenye maduka ya pembejeo. Nilipita kwenye baadhi ya maduka hayo Dongobesh. Ukisimama kaunta kwa muda mfupi utaona nani hasa huamua dawa ya mifugo katika nchi hii: binti au kijana wa dukani, anayeonyeshwa picha ya kinyesi cha ndama kwenye simu na kuulizwa, dada, hii ni dawa gani?

Mmoja wao alinivutia kwa jambo moja alilokataa kufanya. Mteja alitaka oksitetrasaiklini ya shilingi chache, ipimwe kwenye bomba la sindano, amalizie kesho akipata hela. Msichana akamwambia, "Baba, hii haikatwi nusu. Ukimchoma nusu, ugonjwa unaizoea dawa, kesho hata chupa nzima haitamsaidia." Akampigia simu bwana mifugo wa kata, wakapatana alipe kidogokidogo chupa nzima. Wizara na mashirika ya kimataifa huandika vitabu vizima kuhusu usugu wa dawa. Pale dukani vita vyake vilipiganwa na mtu wa kidato cha nne, kwa subira, na mteja alitoka bila kuudhika.

Kutoka Dongobesh kuelekea Haydom nchi inashuka na kukauka kidogo, nyumba zinaachana. Haydom inajulikana kwa hospitali ya Kilutheri iliyoanza 1955 kwa juhudi za Wanorwe, hospitali ya binadamu ambayo hadithi yake imefungamana na ya nguruwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wakiongozwa na Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine walizunguka vijiji vya Mbulu wakikagua ndimi za nguruwe. Walikagua nguruwe 770 na kukuta asilimia 17.4 wana malengelenge ya lava wa tegu, matokeo waliyoyachapisha 2004. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu hukua tumboni mwake. Mayai yake yakitoka na choo na kuingia kinywani mwa mtu mwingine kwa mikono michafu, lava huweza kwenda kujichimbia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Baadhi ya wagonjwa wa kifafa wa Haydom waliopigwa picha za kichwa walionekana na alama za lava hao. Utafiti ulirudi pia vijijini kwa njia ya elimu: choo, nguruwe kufungiwa bandani, nyama kupikwa ikaiva.

Nilitaka kuona ulimi wa nguruwe unavyokaguliwa, na bwana mifugo mmoja alinichukua nyuma ya pikipiki yake. Kazi hiyo haifanyiki na mtu mmoja. Wasaidizi wawili humlaza nguruwe ubavu, mmoja juu ya bega na mwingine kwenye miguu ya nyuma, fimbo laini ya mti huingizwa mdomoni ing'atwe na meno, ulimi unavutwa kwa kitambaa, na kidole hupita chini yake kutafuta vijivimbe. Kelele zake husikika kijiji cha pili. Kidole hicho kilikuwa cha msaidizi, mama wa kijiji aliyefundishwa kwenye mafunzo ya miaka iliyopita, na bwana mifugo alimwachia kwa sababu, alivyosema, kidole cha mama kinajua kuliko chake. Nguruwe wa siku ile alikuwa safi. Mwenye nguruwe alitabasamu, na mama akamwuliza palepale mbele ya watoto wake, choo mmeshakimaliza? Hakuwa amekimaliza. Wakakubaliana siku ya kurudi kutazama. Swali hilo afisa wa wilaya angeliuliza kwa barua. Mama yule ataliuliza tena kanisani Jumapili.

Barabara ya kutoka Haydom kwenda Basotu inaingia Hanang, na mlima wenyewe unajitokeza mbele, mita zaidi ya 3,400, umekaa peke yake juu ya tambarare. Hapa ni nchi ya Wadatoga, na historia yake ina uchungu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba ya ngano ambayo mwishowe yalifikia takriban ekari 100,000, kwenye malisho bora ya Wadatoga. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Naitaja ngano kwa sababu ndiyo iliyopanga ramani ya maradhi niliyoikuta. Mifugo iliyokuwa ikisambaa ikasogezwa pembezoni, ikasongamana kwenye maji machache, na kupe na magonjwa ya kuambukiza hupenda msongamano.

Karibu na Basotu nilikuta chanjo ikiendelea. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambayo serikali inachangia gharama: mfugaji hulipa shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo, na kuku huchanjwa bure. Bei hiyo husomwa redioni kwa dakika moja. Uwanjani ilihitaji watu wengi. Alikuwepo kijana wa mlango wa kibanio, mwingine wa kuwabana ng'ombe wasirudi nyuma, mchanjaji, mtu wa deli anayefungua na kufunga haraka ili barafu isimalizike, wa kutoboa sikio na kuvika hereni, na mwandishi aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiandika namba ya hereni, rangi ya ng'ombe na jina la mwenyewe.

Mwandishi huyo alikuwa msichana wa Kidatoga, na yeye peke yake alijua kutofautisha rangi kwa namna wenye mifugo wanavyozitaja. Mimi niliona ng'ombe wekundu wengi. Yeye aliona wa madoa ya ubavuni, wa mgongo mweupe, wa uso wenye alama, na kila mmoja alijua ni wa nyumba ipi na ukoo upi. Wazee walipobisha kuhusu idadi, hawakumbishia yeye. Nilimwuliza alijifunzia wapi. Alijibu kwamba alichunga ndama tangu alipokuwa mdogo, na baba yake hakumruhusu kurudi jioni bila kuwataja wote.

Pembeni ya uwanja ndama walikuwa wakipewa chanjo ya ndigana kali, ambayo ni kazi ya namna nyingine kabisa. Chanjo hiyo ni vimelea hai wenyewe, waliogandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndama huchomwa kipimo kidogo na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini ya kudumu, ili augue kidogo bila kufa na apate kinga ya maisha. Mtu wa mtungi alivaa glavu nene na miwani, akitoa mirija kwa koleo, akihesabu kwa sauti. Ikishayeyushwa, haigandishwi tena, na muda wa kuitumia ni mfupi. Nilichojifunza pale ni kwamba kazi haiishi jioni. Kwa wiki kadhaa lazima mtu apite bomani kuangalia ndama gani amepata homa kali mno. Daktari alikuwa ameshaondoka kuelekea kata nyingine. Aliyebaki kupita bomani ni msaidizi mwenye baiskeli.

Bwana mifugo aliyenichukua kwenda Katesh aliniambia jambo ambalo huwarudia wasaidizi wake kila wanapoanza kazi: ng'ombe aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani na sehemu ya haja, asipasuliwe. Ni kimeta. Vimelea vyake vikikutana na hewa hujifunga ganda na kukaa udongoni miaka mingi. Mzoga huzikwa mzima, kwenye shimo refu. Lakini ng'ombe ni nyama, na familia iliyopoteza ng'ombe haipendi kupoteza na nyama pia. Anayefika wa kwanza na kusimama kati ya mzoga na visu ni msaidizi, mara nyingi jirani yao, mara nyingine mkwe wao. Kwa hiyo sharti ajue ugonjwa, na ajue pia namna ya kumwambia baba mkwe hapana.

Katesh imekaa chini ya mlima, na makorongo yanayoshuka kutoka mlimani bado yanaonyesha njia ya matope ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ambayo mlima uliporomosha udongo, mawe na miti na kuua watu 89. Sikwenda kuuliza watu habari ya siku hiyo. Nilikwenda kwenye kliniki moja ndogo karibu na njia ya mnada, ya mzee aliyestaafu utumishi wa mifugo, yenye wasaidizi watatu, wakati wa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Watoto walikuja na mbwa wao kwa kamba za katani, minyororo ya baiskeli, vipande vya kanga. Mbwa wa Hanang ni mlinzi wa boma. Hajazoea kushikwa na mgeni. Mshikaji aliwafundisha watoto wamkumbatie mbwa kichwa wao wenyewe, yeye akashika miguu ya nyuma, mzee akachoma, na karani akaandika kadi. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Kwa hiyo kila mtoto aliyerudi nyumbani na mbwa wake kwa sababu ya hofu ni pengo, na mshikaji alimfuata kila aliyeondoka mstarini, akachuchumaa, akaongea naye, akamrudisha.

Alipokuwa ananawa mikono niliona alama mpya ya jino kwenye kiganja, ya mbwa aliyekuwa amechanjwa dakika chache kabla. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe amechanjwa. Alisema hajachanjwa, karani naye hajachanjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wenye kazi hii wachanjwe kabla ya kuumwa, maana dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mzee alisikia. Alimwambia akasugue jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa nzima, akamsimamia, kisha akafunga dawati na kumpeleka hospitali mwenyewe kwa gari lake, kazi ikiwa imesimama na mstari wa mbwa bado mrefu.

Jioni walikaa kwenye benchi na kuzungumza, nami nikiwepo. Kijana akasema, "Mzee, si mkono wangu tu. Karani naye huwa anashika tukizidiwa." Mzee akachukua daftari la hesabu za kliniki. Chini ya gesi, barafu na umeme, akaandika mistari mitatu: chanjo ya kichaa kwa wasaidizi wote, glavu ndefu za bega kwa ajili ya kutoa kondo, na fimbo ya kitanzi ya kushikia mbwa. Karani aliuliza fedha zitatoka wapi. Walipitia bei za huduma moja baada ya nyingine, wakaongeza kidogo ada ya kuzalisha ng'ombe, wakaiacha ya kuku kama ilivyo, na walikuwa bado wanabishana kuhusu ada ya punda nilipoaga.